Chumba cha vioo mbele ya bahari: anza na bolti, mandhari yatajileta

Watu wakisikia umeongeza chumba cha vioo upande wa bahari maswali ni yale yale, eti mandhari ikoje, jua linaingia saa ngapi, machweo unayaonaje ukiwa umekaa. Hamna anayeuliza bolti. Mi nikipata mtu anayetaka kujenga chumba kama hiki naanza na bolti, namchosha kabisa, kwasababu jua litaingia tu hata ukijenga vibaya, na chumvi nayo itaingia tu hata ukijenga vizuri, kwa hiyo kinachotofautisha chumba kitakachodumu na kile kitakachoanza kuchuruzika kutu baada ya miaka michache ni vitu vidogo vidogo ambavyo kwenye picha havionekani kabisa. Ukinibana nikupe ushauri mmoja tu ntakwambia punguza ukubwa wa chumba, pesa iliyobaki ipeleke pale kitu kimoja kinapokutana na kingine. Chuma na alumini, paa na ukuta, chumba na nyumba. Vinaharibikia hapo.

Changu ni kile kinachoitwa cha misimu mitatu. Kwa asiyejua, kwenye nchi zenye misimu minne chumba cha misimu mitatu ni kile unachokitumia kuanzia baridi inapoachia mpaka inaporudi. Hakijaunganishwa na mfumo wa joto wa nyumba, kuta zake karibu zote ni vioo na nyavu, na kati yake na nyumba kuna mlango wa nje wa kweli kweli, wenye mipira ya kuzuia upepo na kitasa cha maana. Msimu wa nne kinafungwa, basi. Ndo maana kina nafuu kuliko cha misimu minne, na ndo maana pia wengi wanakiharibu, wanaanza na cha mitatu alafu katikati ya ujenzi roho inaanza kuutamani na wa nne. Ntafika huko.

Tuanze na chumvi maana ndo mwenye nyumba halisi.

Chumvi ya bahari sio ile ya mezani peke yake. Ndani yake kuna magnesiamu kloraidi, na hii ina tabia ya kunyonya unyevu wa hewani hata siku ambayo wewe unaona hewa ni kavu. Chumvi ya kawaida inaanza kulowana yenyewe unyevu wa hewa ukifika kama asilimia 75, hii nyingine inaanzia kwenye asilimia 33 hivi. Kwa hiyo fremu iliyo karibu na maji ni kama haikauki, unapitisha kidole juu yake saa nne asubuhi jua limeshapanda na bado kinanata. Hicho kiutando chembamba cha maji ya chumvi kinatosha kabisa, kutu haiombi zaidi ya hapo.

Na kuna jambo linawashangaza wengi, sehemu inayopigwa na mvua inadumu kuliko iliyojificha. Mvua inaosha. Upenuni, nyuma ya gata, pembe za juu za fremu ambako tone la mvua halifiki, huko chumvi inajilundika mwezi baada ya mwezi bila mtu wa kuiondoa. Ukitaka kujua nyumba ya pwani imezeekaje usiangalie ukuta unaopigwa na dhoruba, inama uangalie chini ya upenu.

Sasa bolti. Fundi wangu wa alumini alikuja na mfuko mzima wa bolti zinazong'aa, akaniwekea moja kiganjani kwa madaha. "Dada, hii stenlesi, haishiki kutu, mpaka wajukuu." Nikaigeuza nikaangalia kichwa, pamegongwa A2-70. Nikamwambia fundi hii ni nzuri lakini sio ya hapa, tafuta iliyoandikwa A4. Akacheka, akatoa sumaku mfukoni, akaonyesha kwamba bolti haivutwi, maana yake ni stenlesi safi. Ndio, lakini A4 nayo haivutwi, sumaku haiwezi kukutofautishia hizo mbili! Tofauti iko kwenye mchanganyiko wa madini. A4, ambayo wengine wanaiita 316, ina molibdeni asilimia 2 mpaka 3, na hiyo ndo inayosaidia chuma kustahimili kloraidi, yaani hiyo chumvi ya bahari. A2, au 304, haina, kwa hiyo karibu na mawimbi inaanza kupata madoa ya rangi ya chai yanayoshuka kwenye fremu yako nyeupe, baadaye vishimo vidogo vidogo. Bei ya A4 inauma kidogo, lakini kwenye gharama ya chumba kizima bolti ni nini bana. Akazirudisha. Hakufurahi lakini akazirudisha.

Hata A4 sio mwisho wa habari. Stenlesi ikigusa alumini na katikati kukawa na maji ya chumvi umeshatengeneza betri, na kwenye betri hiyo anayeliwa ni alumini. Bolti itabaki inang'aa vizuri tu huku fremu kuizunguka inageuka unga mweupe, rangi inavimba, ukibonyeza kwa kidole inabonyea. Dawa yake ni rahisi mpaka inachekesha, washa za nailoni, vile visahani vyenye tundu vinavyokaa chini ya kichwa cha bolti, na vibomba vya plastiki ndani ya tundu, chuma kisigusane na chuma. Mbao zilizotiwa dawa nazo ni hivyo hivyo, dawa nyingi za siku hizi zina shaba ndani, na shaba na alumini hazikai nyumba moja, kwa hiyo kama fremu inakalia mbao weka utando katikati. Misumari na vishikio vya mabati navyo vina madaraja, ile iliyopakwa zinki kwa umeme ina utando wa mikroni 5 mpaka 10 hivi (mikroni elfu moja ndo milimita moja), iliyochovywa kwenye zinki ya moto unakuta karibu 50 au zaidi. Ukiziona dukani zote ni za kijivu.

Kuhusu fremu zenyewe siwezi kukuchagulia, ila ntasema ninachofikiri. Alumini ni imara, unaweza kuwa na nguzo nyembamba na vioo vikubwa, lakini rangi yake lazima iwe ya daraja la pwani. Marekani wana kipimo kinaitwa AAMA 2605, ambapo rangi inatakiwa ivumilie miaka 10 ya kuanikwa juani Florida kusini, ukiona muuzaji analijua jina hilo na anaweza kukuonyesha karatasi, endelea kuongea nae. Cha kuangalia kwa macho yako ni ncha zilizokatwa. Kiwandani rangi ni nzuri, alafu fundi anafika saiti anakata fremu kwa msumeno, ile ncha inabaki uchi, na kutu ya alumini inaanzia pale inatambaa chini ya rangi kama vinyuzi vya mizizi. Ncha zote zipakwe kabla ya kufungwa, sio baada.

Plastiki ngumu, yaani PVC, haina habari na chumvi, na hapo inashinda kabisa. Shida yake ni joto. PVC inatanuka karibu mara tatu ya alumini. Kipande cha alumini cha mita 3 kikitoka kwenye nyuzi 0 mpaka nyuzi 50 juani kinaongezeka milimita 3 na kitu, PVC inaweza kufika 9 au 10, na kioo kilichomo ndani yake hakijafikisha hata milimita 2. Kwa hiyo kila siku ya jua fremu na kioo vinavutana, na kama mtu alibana bila kuacha nafasi utasikia usiku vinalia. Rangi nyeusi kwenye PVC ndefu inayotazama magharibi mi nisingeweka. Mbao ni nzuri kwa macho, harufu yake naipenda, lakini mbao pwani unaingia nayo mkataba wa kupaka rangi maisha yako yote.

Alafu kuna vitundu. Chini ya kila fremu ya dirisha au reli ya mlango wa kuslaidi, upande wa nje, kuna vitundu vidogo vya mstatili, urefu wa ukucha wa kidole kidogo hivi. Fremu karibu zote zinaingiza maji kidogo ndani ya reli, zimetengenezwa kujua hivyo, na maji yanatakiwa yatokee kwenye hivyo vitundu. Sasa kwangu kijana mmoja wa kazi, mwenye nia njema kabisa, aliona vitundu akadhani ni kasoro ya kiwandani, akachukua silikoni akaviziba vyote upande mmoja, kazi safi, mstari umenyooka. Mvua ya kwanza ya upepo maji yakajaa kwenye reli, na kwa kuwa hayana pa kutokea nje yakapanda yakamwagikia ndani. Mwenzangu akasema milango ni mibovu tudai pesa yetu. Tukakaa tunaitazama reli imejaa maji kama hori la ng'ombe, mpaka nikapata kijiti nikatoboa ile silikoni, na maji yakatoka yote kwa mara moja kwa sauti ya kunywa. Tangu hapo vile vitundu navisafisha mwenyewe, mchanga na chumvi vinaviziba hata bila msaada wa mtu.

Haya, jua. Watu wanafikiri tatizo la chumba cha vioo ni baridi. Tatizo kubwa ni joto, tena sio la mchana katikati ya kiangazi wakati jua liko juu ya paa, ni lile la saa kumi jioni jua limeshuka linaingia mlalo. Piga hesabu: vioo vya magharibi vya mita za mraba 10, jua linaleta kama wati 600 kwa kila mita ya mraba, kioo cheupe cha kawaida kinapitisha kama asilimia 80. Hiyo ni karibu kilowati 5, yaani umewasha hita mbili kubwa na nusu ndani ya chumba kimoja wakati wa kiangazi. Na joto likishaingia likapiga sakafu na viti halitoki tena kirahisi, kwasababu kioo kinapitisha mwanga wa jua ila kinazuia lile joto linalorudishwa na vitu.

Pazia la ndani linasaidia macho yako, joto limeshaingia tayari. Kivuli kinatakiwa kiwe nje ya kioo. Na madirisha ya kufunguka yawe chini upande wa upepo na juu upande wa pili, hewa ya moto ina tabia ya kupanda, ipe mlango wa juu itaondoka yenyewe. Chumba chenye vioo vikubwa visivyofunguka kina picha nzuri sana na hakikaliki. Nyavu za wadudu chukua za faiba, za alumini karibu na chumvi zinakatika zinabaki na matundu.

Upepo ndo mahali ambapo sipendi ubishi. Nguvu ya upepo haipandi sambamba na kasi, inapanda kwa mraba wake. Upepo wa mita 20 kwa sekunde, ambao ni kilomita 72 kwa saa, unasukuma ukuta kwa kama kilo 25 kila mita ya mraba. Ukiongezeka mara mbili, mita 40 kwa sekunde, sio kilo 50, ni 100. Paa la mita za mraba 12 hapo linaweza kuvutwa kwenda juu kwa zaidi ya tani moja. Kuvutwa, sio kusukumwa chini, na hapo ndo watu hawaelewi, chumba chepesi cha vioo adui yake sio kuanguka, ni kupaa. Na kioo kimoja kikivunjika upande wa upepo ndo mbaya zaidi, upepo unaingia unasukuma paa toka ndani huku mwingine unalivuta toka nje. Kwa hiyo paa lifungwe kwenye nguzo, nguzo zifungwe kwenye msingi, mnyororo usikatike popote, na injinia aweke sahihi yake. Paa kukaa tu juu ya silikoni na matumaini, hapana.

Kwenye kioo kuna kile cha tempa, kinachovunjika vipande vidogo visivyokata sana, na kuna cha laminesheni, tabaka mbili zenye plastiki katikati, aina ya kioo cha mbele cha gari. Tempa ni salama kwa mtu anayejigonga, ila kikivunjika kimeondoka chote, tundu limebaki. Laminesheni kinapasuka lakini kinabaki kwenye fremu. Baada ya kimbunga Andrew mwaka 1992 Florida walikaza sana sheria zao, na moja ya majaribio ni kukirushia kioo ubao wa kilo 4 hivi kwa kasi ya mita 15 kwa sekunde kuona kama kitapenywa. Sio kila pwani ina vimbunga, lakini kioo chochote kilicho juu ya kichwa cha mtu mi nataka kiwe laminesheni, vimbunga viwepo visiwepo. Na faida ya pembeni, ile plastiki inazuia karibu miale yote ya urujuanimno, vitambaa vya viti havipauki haraka.

Msingi nitausema kifupi maana unategemea sana udongo wako. Mchanga unapitisha maji vizuri, kwa hiyo ardhi ikiganda kwa baridi barafu haiuinui sana kama inavyoinua udongo wa mfinyanzi, lakini mchanga huo huo mawimbi na maji ya dhoruba yanaukomba. Msingi ushuke chini ya kina ambacho ardhi inaganda, na kama eneo linafikiwa na mawimbi basi tunaongelea nguzo zilizokwenda chini sana, sio zege la kumwaga juu juu. Kabla ya yote nenda halmashauri uulize mstari wa ujenzi kutoka baharini unapita wapi, kuna watu wana michoro mizuri sana ya vyumba ambavyo haviruhusiwi kuwepo.

Ila kiungio cha chumba na nyumba kinahitaji maneno. Nyumba imeshatulia kwenye msingi wake miaka mingi, chumba kipya bado kitashuka kidogo, kwa hiyo ukivibana pamoja kama kitu kimoja ufa utatokea tu. Acha nafasi ya kucheza, uifunike kwa bati lililopindwa ambalo ncha yake ya juu imeingia NDANI ya ukuta, nyuma ya plasta au ubao wa nje. Fundi akikwambia ataliegemeza bati ukutani alafu apitishe silikoni juu, mwambie asante kaka, tutaongea siku nyingine. Silikoni juani na kwenye chumvi inaachia, na maji yatakayopita hapo hayatavuja kwenye chumba kipya, yatashuka ndani ya ukuta wa nyumba yako ya zamani kimya kimya.

Na sasa msimu wa nne. Mwenzangu alinunua hita. Hakuniuliza, ilifika kwenye boksi, akasema tukiweka hii tunakaa humo mwaka mzima. Nikachukua karatasi. Kioo cha tabaka moja kinapitisha joto la karibu wati 5.7 kwa kila mita ya mraba kwa kila nyuzi ya tofauti kati ya ndani na nje, ukuta wenye insulesheni nzuri, yaani tabaka la kuzuia joto lisipite, ni kama 0.3. Karibu mara 20. Ukiwa na hita humo unapasha bahari. Kama ulitaka misimu minne ulitakiwa uamue mwanzo kabisa, vioo vya tabaka mbili vyenye gesi ndani na utando wa kurudisha joto vinashuka mpaka 1.2 hivi, fremu zenye kikatiza joto katikati, sakafu na paa vyenye insulesheni, hicho ni chumba kingine na gharama nyingine. Cha katikati ndo kibaya. Unapasha joto kidogo, watu wanapumua, hewa yenye unyevu inakutana na kioo cha baridi, asubuhi vioo vinatiririka maji, na mwezi wa pili wa baridi unaona doa jeusi la ukungu kwenye mto wa kiti.

Hata sheria zinaujua huo mpaka. England chumba cha vioo cha chini ya mita za mraba 30 kilichojengwa usawa wa ardhi kinaweza kusamehewa kanuni nyingi za ujenzi, sharti moja ni kwamba ukuta na mlango wa daraja la nje kati yake na nyumba vibaki palepale, na joto lake lisiwe limeunganishwa na la nyumba. Ukiutoa ule mlango ili "kufungua nafasi" kama wanavyopenda kusema wapambaji, chumba sio cha misimu mitatu tena, ni nyumba yenye ukuta wa kioo.

Sisi baridi ikianza kuuma tunaosha fremu zote kwa maji matamu, juu mpaka upenuni, tunapuliza silikoni ya kulainisha kwenye vigurudumu vya milango, sio oili, oili inashika mchanga na mchanga unasaga reli. Vitambaa na mito vinaingia ndani, viti vya plastiki vinabaki, bomba la maji hatukuweka kabisa kwa hiyo hamna cha kuganda. Mlango wa katikati unafungwa. Siku moja moja jua la baridi likiwa kali bila upepo kile chumba kinapata joto chenyewe mpaka unavua sweta, unakaa humo saa mbili tatu, jua likigeuka unatoka. Hita tuliirudisha dukani, wakatupa pungufu ya tulicholipa kwasababu boksi lilikuwa limeshafunguliwa.